Nyumba ya Bibi, mkopo wa Baba: jinsi punguzo la kodi lilivyotutoa Jordbro

Wakuu, wakubwa wote shikamooni, wa rika langu mambo.

Nawaandikia toka Stockholm, saa tisa alasiri na jua limeshafunga ofisi. Haya ninayoleta yametokea nyumbani kwetu, siyo kwa "rafiki yangu mmoja". Nikizidisha chumvi itakuwa ile ya dagaa tu, mtaielewa mkifika huko chini.

Mimi ni binti, bado nasoma, mwaka wa mwisho wa sekondari. Wazazi wangu ni Warundi waliokulia kambini Kigoma, ndiyo maana nyumbani ni Kiswahili.

Nikimjibu Mama kwa Kiswidi anavumilia. Bibi alikuwa havumilii. "Hujanijibu bado," anasema, halafu anangoja mpaka nirudie. Kwa hiyo mkikuta sarufi imenyooka humu, mshukuruni marehemu. Iliyopinda ni yangu.

Ndiyo, marehemu. Uzi huu una msiba, nawaambia mapema ili asije mtu kunilalamikia PM.

Tusichoshane.

Tulikuwa tunaishi Husby, kitongoji cha hapa Stockholm, nyumba ya kupanga, vyumba viwili, watu sita: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, mimi, na wadogo zangu wawili wanaokoroma kama friji mbovu. Baba anaendesha basi. Mama anatunza wazee.

Mkataba wetu ulikuwa wa kupanga moja kwa moja kwa mwenye jengo. Hapa mkataba wa namna hiyo watu wanaupangia foleni mpaka wanaota mvi.

Baba akapata nyumba ya kununua Jordbro, kusini mwa jiji. Zile zinazoshikana ukuta na jirani, zina ghorofa moja juu na kibustani cha kutosha kuzikia paka. Benki ikakubali. Mkataba wa Husby tukaurudisha, Baba akakabidhi funguo anatabasamu kama mtu anayeacha kazi aliyokuwa anaichukia.

Sasa hapo ndipo serikali inapoingia.

Kwa wasiojua: Sweden ukikopa kununua nyumba, sehemu ya riba unayolipa benki unarudishiwa kupitia kodi yako. Halafu kuna kodi ya nyumba yenyewe, ya kila mwaka. Ukiwa mstaafu wa kipato kidogo, na unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe, hiyo nayo inapunguzwa. Vyote halali, vipo wazi, havihitaji kumjua mtu.

Aliyetufungua macho ni Uncle Njoro, Mkenya wa kanisani kwetu, mtu wa mahesabu kazini kwake. Tulikuwa tunakunywa chai baada ya ibada, ile chai ya kanisani ambayo majani yake yanapitishwa juu ya maji bila kuguswa.

"Sasa wewe unalipa full ya nini na uko na shosho kwa nyumba?" akamwambia Baba. Shosho kwao ni bibi. "Weka title kwa jina ya shosho. Loan ibaki kwako, hiyo ya riba utarudishiwa wewe. Ya nyumba, shosho anapunguziwa. Unakula huku na huku."

"Na ni halali?" Baba akauliza.

"Halali kuliko hii chai."

Na hakudanganya, wakuu. Nataka hilo lieleweke. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Baba akamwandikia Bibi nyumba kama zawadi. Benki ikataka Bibi asaini kwamba nyumba inabaki dhamana, akasaini. Hati ikatoka kwa jina la Bibi. Mkopo ukabaki kwa jina la Baba.

Sentensi hizo mbili za mwisho msizisahau.

Tulichookoa kwa mwaka? Baiskeli ya mtumba, bila kengele.

Ila nisimwonee Baba. Haikuwa kodi tu. Bibi maisha yake yote hakuwahi kuwa na nyumba ya jina lake. Kambini alikaa nyumba ya udongo yenye namba mlangoni, na hata hiyo namba haikuwa yake. Baba alipoambiwa anaweza kumpa mama yake heshima na punguzo kwa mpigo, nani angekataa?

Bibi alivaa ufunguo shingoni pamoja na rozari. Barua ya kodi ikija ananiita.

"Soma jina."

Nasoma.

"Soma tena."

Akamkataza Baba katakata asilipe, akawa analipa mwenyewe kwenye pensheni yake. Sijawahi kumwona binadamu anayefurahia kulipa kodi namna ile. Mama akisahau kufunga mlango wa bustanini, Bibi anapaza sauti toka sebuleni: "Mpangaji, baridi inaingia."

Mama alikuwa anacheka. Siku hizo alikuwa anacheka.

Baba naye akafanya lile ambalo kila mtu wa kwetu angefanya. Akampiga Bibi picha mlangoni, ufunguo shingoni, akaituma kwenye grupu la familia la WhatsApp: "Leo tumemkabidhi Mama nyumba yake Ulaya. Mungu ametenda."

Kodi hakuitaja. Nani anataja kodi kwenye grupu la familia?

Ndugu zake wanne wakamwaga hongera. Shangazi wa Bujumbura akarekodi vigelegele mpaka simu ya Baba ikakwaruza. Baba Mkubwa, kaka yake Baba anayeishi Ubelgiji, akatuma hela ya makochi. "Mama asikalie viti vya plastiki kwake," akaandika.

Kwake.

Mimi ndiye niliyeuliza swali, kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Jumapili moja tuko mezani, nikasema, "Bibi, siku ukiondoka hii nyumba inakuwa ya nani? Nataka nijue kama niendelee kukuletea chai au nihamie kwa mrithi."

Mama akanigonga na mwiko. Baba akaweka kijiko chini.

"Ulimi huo umeutoa wapi? Unamchimbia bibi yako kaburi mezani?"

Wakuu mnajua. Kwetu mzee haulizwi habari ya wosia. Ukiuliza, maana yake una haraka. Baba angeweza kumuuliza Bibi chochote, hata kuhusu vita, lakini siyo hilo.

Bibi peke yake alicheka. Akamnyooshea Baba kijiko. "Ya huyu. Wewe leta chai."

Tulisikia wote. Tukaendelea kula. Huo ndio ukawa wosia wake.

Bibi alifariki mwanzoni mwa baridi. Moyo. Hapa sitaandika sana.

Baba Mkubwa alikuja kuzika. Alilia kilio cha kweli, siyo cha kamera, na akalala kwenye makochi aliyoyalipia. Siku ya kuondoa matanga, watu wameshaondoka, Mama anakusanya vikombe, Baba Mkubwa akasema taratibu, "Mdogo wangu, nyumba ya Mama tunaifanyaje?"

Baba akacheka kidogo. "Nyumba ni yangu, kaka. Jina lilikuwa la mambo ya kodi tu."

Baba Mkubwa akatoa simu. Akapandisha juu, juu, juu kabisa, akavaa miwani, akasoma: "Leo tumemkabidhi Mama nyumba yake Ulaya." Akavua miwani. "Ulikuwa unamdanganya Mama, au ulikuwa unatudanganya sisi?"

Baba akaanza kukusanya vikombe na Mama.

Mimi huwa nina utani tayari, wakuu, kila siku. Siku hiyo niliutafuta nikakuta patupu.

Tukaenda kwa mwanasheria. Baba anajua Kiswidi cha kwenye basi, cha sheria akanibeba mimi nitafsiri. Yule mama mwanasheria alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

Akasema hivi: neno la mdomoni mezani si wosia. Wosia unaandikwa, na mashahidi wawili wanasaini. Na hata ungekuwepo, hapa huwezi kuwanyima watoto wako kila kitu. Watoto wa marehemu ni watano, basi nyumba ni ya watu watano, sawa kwa sawa.

"Na mkopo?" nikauliza.

"Mkopo ni wa baba yako."

Yaani nyumba ikiuzwa, benki inajilipa kwanza. Na kile benki ilichojilipa kinahesabiwa kwamba ni mali ya wote iliyolipa deni la mtu mmoja, naye anadaiwa na wenzake. Nikamtafsiria Baba.

"Sema tena," akasema.

Nikasema.

"Sema tena."

Sauti ilikuwa ile ile ya mama yake akitaka asomewe jina. Nikatamani niwe sijui lugha hata moja.

Kununua mafungu ya ndugu zake hakuweza, benki ilikataa kumwongezea. Kuwasihi alisihi. Shangazi wa Bujumbura alilia kwenye simu: "Kaka, siyo tamaa. Mume wangu yuko kwenye mashine ya figo." Sasa mtu kama huyo unamjibu nini?

Mwisho wakapatana. Nyumba iuzwe, benki ichukue chake, kinachobaki wagawane wao wanne. Baba hadaiwi, na hapati. Baba Mkubwa aliona amemhurumia, na kisheria ni kweli alimhurumia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi ikaja siku ya wanunuzi kukagua. Hapa dalali anakuja, anaondoa picha zenu ukutani, anaweka maua, anawasha mshumaa wa harufu ya mdalasini ili nyumba ionekane haijawahi kuishi watu. Picha ya Bibi akaiweka kwenye droo ya soksi.

Mimi nikangoja atoke kwenda kuchomeka bango lake barabarani. Nikatoa dagaa wa Kigoma, wale wakavu, pakiti nzima, nikawakaanga madirisha yamefungwa.

Wakuu, ile harufu ina miguu. Ilipanda ngazi yenyewe.

Dalali aliporudi alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Wanunuzi wakaanza kuingia na vile vifuko vya buluu miguuni, wanapumua kwa mdomo. Mmoja akaniuliza ni nini hiki. Nikamwambia ni ukuta, harufu hutoka mvua ikinyesha.

Baba akaingia jikoni. Nikajua leo nakufa.

Akaangalia kikaango. Akachukua sahani, akapakua, akakaa. Akanivutia kiti.

"Umezidisha chumvi," akasema.

Tukala. Watu wakapita nyuma yetu wakifungua makabati, wakipima chumba cha Bibi kwa hatua, wakiuliza kama jirani ana kelele. Baba hakugeuka hata mara moja.

Nyumba iliuzwa wiki hiyo hiyo. Walionunua walifungua madirisha, basi.

Sasa tuko Husby tena, jengo lile lile, tumepangishwa kwa muda na mtu wa kanisani aliyeenda kufanya kazi kaskazini. Ghorofa mbili chini ya tulipokuwa mwanzo. Mkataba wa zamani haurudi, foleni tumeianza mwisho. Uncle Njoro alibeba masanduku yetu, na wakati wa chai akasema tu, "Ningeuliza kama shosho ako na watoto wengine." Baba akamjibu, "Mimi mwenyewe nilikuwa najua jibu."

Na kodi? Kodi ya mwaka huhesabiwa kwa aliyekuwa na nyumba siku ya kwanza ya Januari. Siku hiyo nyumba ilikuwa bado ya Bibi, ila Bibi yuko makaburini. Ikaja kamili, bila punguzo. Marehemu siyo mstaafu.

Baba aliilipa yeye, ndugu hakuwauliza. Kabla ya kuilipa aliniita nimsomee jina.

Nilichojifunza: misaada ya serikali ni mizuri, ichukueni. Ila punguzo linaangalia jina lililoandikwa, halijui kwa nini mliliandika. Mkimpa mzazi nyumba, mmempa kweli, na watoto wake wote wamepewa. Na lile swali lisilo na adabu liulizwe mzee akiwa bado anacheka, akijibu liandikwe siku hiyo hiyo.

Wajuzi wa sheria nirekebisheni nilipokosea. Wanaotaka kumtukana Baba Mkubwa, punguzeni, mwezi uliopita alinitumia koti la baridi.

Kwa wengine nauliza tu: kwenu ni nani anayethubutu kumuuliza mzee, na alipigwa na nini? Mimi nilipigwa na mwiko, na bado ninao.