Nyota Tatu za Fundi Miwani

Fundi miwani alikuwa na macho, alijua anayo, na hayo macho ndiyo yaliyomjaza kiburi. Mteja akiingia dukani amekunja uso akitafuta kiti, yeye keshamsoma hajakaa. "Wewe mbali huoni," anamwambia, "na mkeo hajui." Watu wanacheka. Mkewe nyuma ya kaunta anafuta vioo kwa kitambaa, hacheki. Hayo kayasikia tangu ana kiuno cha usichana.

Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na jiwe la kunolea vioo, darubini ya shaba iliyofungwa waya mguuni, na sharti. Sharti lenyewe lilikuwa la nyota. Kuna nyota saba zimekaa kama upawa, na kwenye mpini, pale unapopinda, kuna moja ambayo mwenye macho mabovu anaiona moja hivyohivyo. Mwenye macho mazima anaona mbili, kubwa na kidogo chake kimejibanza kando. Halafu ukiitazama kwa darubini, ile kubwa nayo inapasuka, kumbe ni mbili zimebanana. Jumla tatu. Mwalimu mmoja, mteja wao, aliwahi kusema hata hizo si tatu, kila moja ina mwenzake tena ndani, ila hakuna darubini ya dukani itakayowaonyesha. Fundi akamjibu tatu zinamtosha, yeye si wa kuhesabu watu waliojificha chumbani.

Baba mtu alisema hivi: fundi asiyeziona tatu aliweke jiwe kizingitini, asilishike tena. Na siku ilipomfika, alilitoa mwenyewe. Hakusukumwa.

Basi kila msimu upawa ukipanda, giza likiingia tu, mtu na mkewe wanapanda darini na darubini. Anaangalia yeye, "Tatu," anaangalia mke, "Tatu," wanashuka kula. Sinema yao ilikuwa hiyo.

Mpaka fundi akaanza kufuta kioo cha darubini kila saa. "Vumbi," anasema. Chai nayo akawa anaimimina kwenye kisahani, kikombe kiko kando.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "hilo jicho limeingia ukungu. Ni mtoto wa jicho. Nenda hospitali wakamtoe."

"Mtoto wa jicho ni wa wazee."

"Na wewe nani, bwana harusi?"

Hakwenda. Kisu hakukiogopa. Aliogopa kuonekana kwenye foleni ya macho, akae benchi moja na watu aliowavalisha miwani. Aibu ya bure kabisa, na aliyeilipia si yeye.

Aliyeilipia ni mdogo wa kiume wa mkewe, seremala. Alikuja kukatiwa miwani ya kazi. Kioo chake kilikuwa cha aina ile yenye upande wake maalumu wa kukaa. Kinatiwa alama ya wino kuuonyesha, na kikizunguka kidogo tu kwenye fremu, mtu anaona mambo mawilimawili. Siku chache baadaye akarudi, mkono umefungwa bendeji, miwani akaiweka juu ya kaunta.

"Shemeji, penseli nilipiga mstari mmoja, nikaona miwili. Nikachagua. Msumeno wa umeme ukachagua mwingine."

"Ungekuja kuniambia."

"Nilikuja. Ukasema macho yatazoea."

Fundi akaiinua miwani kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. "Haina kosa. Ulikuwa na haraka tu."

Seremala akamgeukia dada yake. "Dada, na wewe unasema hivyo?"

Dada alikuwa anafuta kioo kilekile. Hakuinua uso. Mdogo mtu akatoka, vidole viwili pungufu. Ndipo mwanamke akaishika ile miwani. Alama ya wino ilikuwa kule, ilipotakiwa ikae huku. Hata mtoto wa darasa la pili angeona.

Na mezani, tayari kwa kunolewa kesho yake, kulikuwa na vioo vya dereva wa basi la watoto wa shule. Vya aina ileile.

"Hivi vya dereva mpelekee yule fundi wa ng'ambo ya barabara," akamwambia mumewe.

"Yule? Yule anakata kioo kama anakata sabuni. Macho yangu mazima. Panda juu nikuonyeshe."

Giza lilipoingia mkewe akapanda, tena akatangulia. Fundi alipofika juu akihema, darubini imeshasimamishwa. Akainama, akaweka jicho.

"Ngapi?"

"Tatu. Kubwa mbili zimebanana, kadogo kako kushoto. Umeridhika?"

"Hiyo ni balbu ya mlinzi wa ghala."

Hakuondoa jicho. Alibaki ameinama vile, kama anayesubiri balbu ipasuke iwe tatu.

"Umeisogeza," akasema.

"Nimeisogeza."

"Umetaka kunidhalilisha."

"Nimetaka uache. Mdogo wangu keshakuambia kwa mkono, hukusikia."

Akasema, kwa sauti ndogo asiyokuwa nayo ujanani, "Nimalizie hivi vya dereva tu. Nitoke na kazi safi."

Mwanamke akacheka, kicheko kibaya, akashuka akamwacha na ngazi ya kupapasa.

Asubuhi fundi alipofika dukani, mguu wake uligonga kitu kizingitini. Hakuhitaji macho kujua ni jiwe. Akaliruka. Akaenda kukaa kwenye kiti chake, mbele ya mashine isiyo na jiwe. Dereva naye akaingia, mkewe akamfungia vioo kwenye karatasi, akamkabidhi.

"Peleka ng'ambo ya barabara."

"Kwani fundi anaumwa?"

"Haoni."

Alilisema kwa sauti ya kusikika, fundi mwenyewe yupo pale. Dereva akamtazama. Fundi alikuwa anaifuta fremu kwa bidii. Fremu haikuwa na kioo.

Hospitali alikwenda baadaye sana. Jicho moja wakalisafisha, likapata mwanga wa kumtosha kuona sahani. La pili daktari alisema limekufa, laiti angewahi.

Kiti hajakiacha. Mkewe anauza fremu, yeye amekaa. Na kila asubuhi seremala anapita kwenda karakana, anasimama mlangoni, anamwamkia dada yake, wanaulizana habari za nyumbani. Kile kiti anakiona kama hakina mtu. Dada yake hajawahi kumwambia kwamba kina mtu.