Saa Iliyonishinda Mbio

Baba alinikabidhi saa yake mara tu baada ya Krismasi, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa cha kufutia miwani. Hakunipa iwe yangu. Alinipa niipeleke kwa fundi huku Kitengela ninakoishi, kwa sababu mafundi aliowajua Kajiado walikuwa wamebaki wa kubadilisha betri tu, na saa hii haina betri. Kaka yangu alikuwa anatarajiwa kurudi kutoka ng'ambo mwezi wa nne, kwa likizo, na baba alitaka kumvisha saa hiyo mbele ya watu. Aliniambia itengenezwe ikae kama zamani na nisiangalie gharama. Gharama ilikuwa yangu, kwa hivyo ilikuwa rahisi kwake kutoiangalia.

Ni saa ya mkono ya chuma, nzito, uso wake ulikuwa mweusi na sasa umegeuka rangi ya majani ya chai. Ndani ya uso kuna viduara vidogo vyenye mishale yake, na ubavuni kuna vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu mwembamba unaanza kuzunguka. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha mwanzo. Baba aliinunua kwa mpimaji wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, kabla mimi sijaanza shule. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu na wa michezo katika sekondari moja ya wavulana na wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado, na nadhani hakuna kitu alichokipenda kama kusimama pale mwisho wa kiwanja, mkono mmoja umeinuliwa, kidole gumba juu ya kile kitufe.

Mimi nauza dawa na chumvi ya mifugo. Ng'ambo ya barabara, karibu mkabala na duka langu, kuna mwanamume wa makamo anayeuza vifuniko vya simu, na nyuma ya vifuniko hivyo ana meza ya kutengenezea saa. Watu wengi hawajui kwamba anatengeneza saa, kwa sababu ni wachache wanaomletea. Aliponiona nikifungua kile kitambaa alifunga mlango. Malori ya mawe hupita pale kutwa nzima, na alisema vumbi lake likiingia ndani ya saa, ni afadhali ungeitia mchanga kwa mkono.

Alikuwa mtu wa maneno mengi. Nilimsikiliza akilaani serikali ya kaunti, bei ya unga na mashemeji zake, huku lenzi ikiwa jichoni na kibano mkononi. Aliifungua saa na kunionyesha mafuta yaliyoganda kama gundi, kutu kwenye skrubu, na springi ya kitufe cha chini iliyokatika. Aliitenganisha yote, kipande kwa kipande, akavisafisha kwa benzini ndani ya vifuniko vya soda, akavipanga juu ya karatasi nyeupe kwa mpangilio aliouelewa mwenyewe. Vipuri havikuwepo. Alilazimika kutafuta Nairobi saa mfu ya aina ile ile ili aichinje, na kutafuta huko kulichukua wiki nyingi, nyingine za kweli na nyingine, nafikiri, za uvivu. Tuligombana mara moja. Alitaka kuupaka rangi ule uso uwe mweusi upya, mimi nikakataa. Kwa nini nilikataa sijui. Niliona tu kwamba uso wa saa una haki ya kuzeeka kama sisi.

Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimezoea kuvuka barabara wakati wa chakula cha mchana kumtazama akifanya kazi. Nilianza kuipenda saa ile. Sikutarajia.

Siku alipoiunganisha ikaanza kutembea, alinipigia simu nivuke. Alikuwa ameiweka juu ya simu yake, kwenye programu inayosikiliza mlio wa saa na kueleza kama inaenda sawa. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika.

"Mama, hii saa inakimbia," alisema.

Alinionyesha kwa lenzi. Ndani kabisa kuna springi nyembamba kama unywele, imejikunja mizunguko mingi, na ndiyo inayoipa saa mwendo wake. Ilikuwa imekatika zamani. Fundi aliyeirekebisha wakati huo alikata ncha iliyoharibika akaibana upya, ikawa fupi kuliko ilivyotakiwa. Na springi ikiwa fupi, saa huenda mbio. Kijiti cha kupunguza mwendo kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho, na bado hakikutosha. Alisema inaongeza karibu robo saa kila siku, na kwa jinsi chuma kilivyochakaa pale kilipobanwa, imekuwa hivyo kwa miaka na miaka.

Nikakumbuka redio. Kila asubuhi, kabla ya habari, baba alikuwa anaivua saa na kungoja ile milio ya kutangaza saa kamili, kisha anairudisha mishale nyuma. Tulidhani kila mwenye saa hufanya hivyo.

Nilimuuliza fundi, "Kwa dakika mbili, inaongeza nini?"

Alipiga hesabu kwenye simu. "Sekunde moja na kidogo. Hiyo ni kitu kidogo, mama."

Niliketi juu ya kreti la soda pale pale kibandani, na akaendelea na habari za mashemeji zake.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikimbia mita mia nane. Nilikuwa mzuri, nasema hivyo sasa nikiwa na magoti mabovu na bila mtu wa kubishana naye. Baba aliweka sharti kwamba msichana yeyote atakayepelekwa mashindano ya mkoa lazima kwanza afikie muda fulani kwenye kiwanja chetu, muda uliopita dakika mbili kidogo. Nilijaribu msimu mzima. Jaribio la mwisho lilikuwa asubuhi moja ambayo upepo wa Kajiado ulikuwa umetulia, jambo la nadra. Nilikimbia mpaka nikaona giza. Nilipovuka mstari nilianguka kwenye vumbi nikatapika, na nilipoinua kichwa nilimwona baba akiitazama saa.

"Bado," alisema. "Umekosa kwa chini ya sekunde moja."

Jioni, wakati wa kukamua, nilimfuata zizini nikamwomba kama baba, si kama mwalimu. Alinijibu kwamba akiandika jina la binti yake ambaye hakufika, watu watasema ananibeba. Nikakubali. Zaidi ya kukubali, nilijivunia. Nilipopata watoto wangu niliwasimulia habari hiyo mara nyingi, kama mfano wa uaminifu. Niliwaambia babu yenu alikuwa mtu wa haki, hata kwa damu yake mwenyewe hakupindisha. Wanaijua kwa moyo.

Wavulana hawakuwekewa sharti hilo. Baba alisema wavulana huongeza kasi wakikutana na ushindani. Kaka yangu, aliyenitangulia mwaka mmoja, alipelekwa mkoani bila kufikia muda wowote, na akamaliza karibu na mkia. Lakini huko mwalimu mmoja wa shule kubwa alimpenda kwa adabu yake, akamtafutia nafasi kwao, na kutoka shule ile akapata nafasi ya kusoma nje. Sisemi mimi ningekuwa bingwa. Huenda ningemaliza nyuma yake. Ninachosema ni kwamba yeye alipanda basi lile na mimi nikabaki nikimbadilishia mama mashuka, maana mama alikuwa ameanza kuugua mwaka huo, na aliugua mpaka nikaolewa.

Nilimwambia fundi aitoe springi ile fupi pamoja na gurudumu lake, aweke za ile saa mfu. Alipomaliza, programu yake ilionyesha saa inaenda sawa. Aliniuliza kama nataka vile vipande vya zamani, wateja wengine hupenda kuvihifadhi. Nikamwambia avitupe.

Niliipeleka Kajiado Jumamosi iliyofuata. Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, ingawa jua lilikuwa kali. Nina wajukuu, lakini nikifika kwake bado nainamisha kichwa naye ananiwekea kiganja utosini kama nilivyofanyiwa nikiwa mtoto. Siku hiyo pia niliinama. Nilimpa saa. Aliiweka sikioni, akatabasamu, kisha akabonyeza kitufe cha juu na kuutazama ule mshale mwembamba ukizunguka.

Nikamweleza alichokikuta fundi. Nilieleza polepole, kwa upole, kwa sababu njia nzima nilikuwa nimemtafutia udhuru. Nilikuwa nimeamua kwamba hakujua, kwamba aliirudisha nyuma kila asubuhi bila kuwaza, na kwamba nikimwambia ataumia kuliko mimi. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumfariji.

"Nilijua inakimbia," alisema. "Ilianguka kabla uingie sekondari. Fundi wa Nairobi niliyempelekea wakati huo aliiharibu."

"Na ulitupima nayo."

"Shule haikuwa na ingine."

"Papa, siku ile uliniambia nimekosa kwa chini ya sekunde moja. Na saa ilikuwa imeongeza zaidi ya sekunde. Nilikuwa nimefika."

Alibonyeza kitufe. Mshale ukasimama.

"Najua," alisema. "Mimi ni mwalimu wa hesabu."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo ambalo sote tulilijua. Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwamba mama alikuwa mgonjwa na nyumba ilihitaji mtu. Kwamba mwaka uliotangulia wasichana wawili wa shule jirani walirudi kutoka kambi ya michezo na mimba, na wazazi wakamgeukia mwalimu. Kwamba wazee walikuwa wanamtazama.

"Ungeniambia hivyo," nilisema.

"Ungelia."

"Ningelia, halafu ningejua."

Aliivaa saa, akahangaika na mkanda mpya mpaka ukafunga. "Na si wewe peke yako," alisema. "Wasichana wote niliwapima na hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja niliyempendelea."

Nadhani aliamini huo ni utetezi. Niliwafikiria wale wengine. Mmoja alikuwa ananitangulia mzunguko wa kwanza ili nipate mtu wa kufukuza, na sijui yuko wapi leo. Nilitaka kumwuliza baba kama anamkumbuka, lakini nilihofia atasema ndiyo. Niliingia jikoni nikampikia chai. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo, nikayatia yote kwenye kikombe chake.

Kaka alikuja mwezi wa nne kama alivyoahidi. Mbuzi wakachinjwa. Wazee wa kanisa walikuja, walimu wastaafu, majirani, na jamaa wengi ambao sikuwaona mama alipokuwa anaumwa. Baba alisimama kwa shida, akamvisha kaka saa, na kaka akalia machozi ya kweli. Siwezi kumchukia. Alinikumbatia akanishukuru kwa kuitengeneza zawadi yake, akasema ameambiwa nimesumbuka nayo miezi mitatu. Kisha baba akahutubia. Aliwaeleza wageni kwamba kwa saa hiyo aliwapima wakimbiaji wa shule kwa miaka yote aliyofundisha, na kwamba saa haimjui mtoto wa mwalimu wala mtoto wa mchungaji wa ng'ombe. Watu wakapiga makofi.

Mke wa mchungaji wa kanisa, mama mwenye heshima aliyeketi karibu nami, aliniuliza kama nami nilikuwa nakimbia siku hizo. Aliuliza kwa sauti ya kusikika meza nzima, kwa nia njema. Nilifungua mdomo.

"Huyu alikuwa anasaidia mama yake," baba akajibu.

Yule mama akanigusa mkono akasema Mungu huwaona mabinti kama hao. Nikamwitikia, nikainuka kwenda kuongeza wali, kwa sababu sinia lilikuwa karibu kuisha na upande wa walimu hawakuwa wamepakuliwa.

Niliondoka kabla jua halijazama. Mume wangu, ambaye alibaki kuangalia duka, aliniuliza sherehe ilikuwaje. Nikamwambia nyama ilikuwa ngumu. Watoto wangu sijawaambia lolote. Mkubwa alinipigia wiki iliyopita, akaniambia mwanawe amechaguliwa kukimbia shuleni kwao na angependa nimsimulie ile habari ya babu na sekunde moja. Nilimwambia kuna wateja dukani, nitampigia baadaye.