Fidélie Achora Sauti za Kiingereza Mchangani

Saa mbili asubuhi, Jumanne, jua la Kafutuma, upande wa Zambia, tayari linachoma mgongo. Fidélie Mwenze, miaka 34, anageuza chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, waliotandazwa ufukweni kwa safu tisa. Kila akimaliza safu, anachukua kijiti na kuchora mchangani: yai lililokatwa katikati kwa mstari. Anajitazama kwenye kipande cha kioo, anatoa ncha ya ulimi kati ya meno, anapuliza.

"Ba Fidélie, leo unaandikia samaki barua?" anauliza Mable Chalwe, anayekausha samaki kando yake.

"Samaki bamekufa, habawezi kujibu. Niko nafundisha ulimi."

"Basi funga mudomo, nzi zitaingia!"

Wanacheka wote wawili. Kijiti hakisimami.

Hizo ni alama za matamshi. Kila moja husimamia sauti moja, haibadiliki. Fidélie, aliyesoma kwa Kifaransa upande wa Kongo, alizikuta kwenye kamusi kuukuu aliyonunua mjini Mansa kwa kwacha 60. Sauti zenyewe anazisikiliza kwenye simu. Katika miezi saba ameshika 37 kati ya 44.

Anachowania ni kiti kimoja: msomaji wa matangazo ya Kiingereza katika redio ya jamii ya ufukweni, kwacha 1,800 kwa mwezi. Samaki humpa kama 900, na uvuvi unapofungwa hapati kitu. Ana watoto watatu.

Mwaka jana, kwenye mtihani wa kiti hicho, alikatizwa akisoma mstari wa pili. Carlos Nkandu, mkuu wa vipindi, hakani. "Sauti yake ni nzuri," anasema. "Lakini wasikilizaji wangeuliza kwa nini tumeleta Mkongomani asome Kiingereza."

Fidélie aliuliza amekosea wapi. Hakujibiwa. Ndipo akaifuata kamusi.

Wiki iliyopita Nkandu alimpa njia ya mkato: dakika kumi za bei za samaki kwa Kiswahili kila asubuhi, kwacha 1,000, bila mtihani. Sharti: afute jina lake kwenye orodha ya watakaopimwa Ijumaa. Jibu linatakiwa leo.

"Kubali, mama," Mable anamsihi. "Batoto habakuli alama."

"Najua. Lakini nikifuta jina, batasema nilijua siwezi."

Anapangusa mikono kwenye kitenge, anampigia Nkandu simu. "Patron, bonjour. Jina yangu ibakie." Anakata.

Mable anatikisa kichwa. Kisha anabeba beseni lake na kuzunguka mbali, asikanyage alama.

"Sitaki kuongea kama muzungu," anasema Fidélie. "Nataka muvuvi asikie onyo ya upepo mara moja, hata kama anayesoma ni mutu wa Kongo."

Zimebaki alama saba na siku tatu. Inayomsumbua zaidi ni e iliyosimama kichwa chini, sauti ya uvivu ambayo ukiitoa mdomo haufanyi kazi yoyote. Midomo yake, anasema, imezoea kazi.

Ijumaa saa tatu atakuwa mlangoni pa redio.

"Bakinikataa, sawa. Lakini safari hii baniandikie ni sauti gani nilikosa. Na kama habajui kuiandika, bakuje huku kwa samaki. Nitabafundisha."