Pale Mtafsiri Aliporuka

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kwenye banda la video la Mabwerebwere, kijijini kwao, mchana mmoja katika wiki ya tatu tangu tumzike kaka yake, ambaye alikuwa mume wangu. Sikutaka kwenda. Haipendezi mjane kuonekana bandani. Lakini wifi alikuwa amesikia kwamba wanaonyesha filamu ya mtu anayeandika vitabu na kulewa, akaniambia, "Twende tukamwone kaka."

Mume wangu alikuwa hivyo. Tuliishi Mikumi, mimi nikiuza karanga na mayai pale malori yanapoegeshwa. Yeye alifanya vibarua asubuhi, akanywa pombe ya komoni mchana, na siku ambazo mkono haukutetemeka aliandika kwenye madaftari ya shule. Mtaani walimwita profesa kwa kejeli, naye aliitika.

Tulikaa benchi la nyuma. Filamu ilikuwa ya Kizungu, na juu yake iliwekwa sauti ya mtafsiri, kijana mmoja anayeongea kwa niaba ya wote, wanaume kwa wanawake, huku akitia utani wake. Mlevi alipotumbukia bwawani na suti, mtafsiri alisema, "Mzee kaenda kuoga, kasahau sabuni." Banda zima likacheka. Na mimi nilicheka. Mume wangu aliwahi kuanguka mtaroni vilevile, na siku ile nilimpita kama simjui.

Karibu na mwisho yule mlevi alivaa shati safi, akakaa mbele ya binti yake, akafungua karatasi zake akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu. Binti akalia. Niliinama mbele nisikie ameandika nini. Mtafsiri akasema, "Hapa mzee anasomasoma makaratasi yake," kisha akaanza kuwasalimia washikaji zake wa Dar es Salaam mpaka kipande chote kikapita.

Watu walipotoka walianza kuichambua palepale mlangoni.

"Bovu. Mwanzo mpaka mwisho hakuna hata kofi."

"Kofi lipo. Mkewe si alimzaba?"

"Lile siyo kofi, alikuwa anamwamsha."

"Mimi nimempenda yule mzee. Ana akili, tatizo pombe tu."

"Kila mlevi ana akili. Muulize mwenyewe atakwambia."

Mama mmoja muuza nyanya alimkabili mwenye banda. "Baba, hii ni ya vichekesho au ya majonzi? Nimekuja kucheka, mmeniliza."

"Zote mbili, mama, kwa kiingilio kimoja. Kesho naweka ya Wachina."

Tulipofika relini wifi aliniuliza:

"Wifi, yule alimsomea nini mwanawe?"

"Sijui. Mtafsiri karuka."

"Na kaka aliandika nini?"

Akasema siku ya mazishi wasifu wake ulikuwa amezaliwa, ameoa, ameugua. Arobaini ilikuwa inakuja, na alitaka usomwe hata ukurasa mmoja, watu wasikie kitu kingine cha kaka yake mbali na pombe. "Niletee daftari moja tu," aliniambia.

Ningeweza kusema madaftari yaliliwa na mchwa. Angeniamini. Nikamwambia kweli, kwamba nilichana kurasa zote kufungia karanga, moja moja, miaka yote ile. Mume wangu aliona. Siku ya kwanza alisimama akanitazama, kisha akasema, "Anza na hili. Hilo lingine bado sijalimaliza." Hakurudia kulizungumza.

Kulikuwa na jingine, nalo nikalisema. Kuna dereva wa lori aliwahi kurudi kwenye meza yangu. "Shikamoo mama. Ile karatasi ya juzi inaendelea wapi? Mwanamke kashuka treni Kilosa, hakuna aliyekuja kumpokea, halafu ikakatika." Nikamjibu, "Hizo takataka za mlevi, mwanangu. Kula karanga." Akacheka. Karatasi alikuwa nayo mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri.

Mume wangu alirudi amelewa jioni ile, nikawa na hasira, sikumwambia. Kesho yake hakuwa amelewa, na bado sikumwambia. Hiyo ya kesho yake sina cha kusingizia.

Wifi alikaa chini kwenye majani. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kafa hajui?"

"Hajui."

Siku ya arobaini nilisimama mbele ya ndugu zake. Nilisema mume wangu aliandika habari za mwanamke aliyeshuka treni Kilosa na hakuna aliyekuja kumpokea, na kwamba mtu asiyemfahamu alirudi akitaka kujua mwisho wake. Mjomba wake akauliza kama ndiyo yote. Nikasema ndiyo iliyobaki, nyingine nilifungia karanga, na huyo mtu nilimfukuza mimi.