Mkandaji Afumbaye Macho

Mkandaji wa zahanati hufumba macho kabla ya kushika mkono wa mtu, kama anayesikiliza mvua ya mbali. Fundi cherehani, ambaye mkono wake ulitoka kwenye plasta umekonda na kugoma kukunjika, ameshamzoea: kiganja chenye joto, vidole vikiufuata mfupa polepole kutoka begani hadi kwenye kiwiko, na sauti ya kubembeleza isiyomhusu yeye. "Legea, mzee wa nyuma," mkandaji huuambia msuli ulio nyuma ya mkono. "Mwenzako wa mbele anataka kuvuta. Nyinyi kusukuma hamjui, mnajua kuvuta tu. Sasa mkivuta wote, nani atafika?" Fundi hujiona kama mgeni aliyewakuta wenye nyumba wakisuluhishwa.

Leo, katikati ya maneno hayo, kitu kikalegea. Kiwiko kikakunjika, mkono ukapanda taratibu kama moshi, vidole vikagusa shavu. Fundi akageuka ashukuru. Mkandaji alikuwa bado amefumba macho, mkono wake wa pili umekunjika vilevile, vidole shavuni, kijasho chembamba kwenye paji la uso.

"Mama," fundi akanong'ona, "tumefika. Unaweza kuushusha wako."