Kitunga Inaanziaka ku Kitako

Hapana, cousin Patient, usinirudilie ile neno eti kazi yangu ni ya kisasa, haina mambo na bitunga bya bamama! Siku ya kwanza kule Mumosho, kwa Maman Furaha, mufumaji wa bitunga, ulikuwa wapi?

Nilifika na nsinga za courant, zile nyaya za umeme, za zamani mu saki, najisifu: "Maman, miye ni artiste." Akacheka mpaka akakohoa. "Artiste, kaa. Anza kitako."

Kitako njo chini ya kitunga: unakutanisha nyuzi katikati, unazungusha, unakaza. Yangu alifungua yote. "Rudilia." Nikakasirika, nikatoka mpaka ku barabara. Nikarudi. Kila kazi alikuwa anaipindua kwanza. "Juu, kila mutu anaweza danganya," anasema.

Kisha nikapata kazi Nguba, mu atelier, nyumba ya kufanyia sanaa, ya Papa Directeur, mwenye kuvaa kofia hata mu nyumba. Pale nilifuma na zile nsinga kichwa ya mwanamuke, kubwa kama meza. Nilianzia ku utosi, sawa vile kitunga inaanziaka ku kitako. Siku ya exposition, ya kuonyesha batu kazi zetu, Papa Directeur akaandika jina yangu ku karatasi ya pembeni ya kichwa.

"Na jina ya Maman Furaha?" nikamuuliza.

"Yule wa bitunga bya soko? Binti, hapa ni art contemporain, sanaa ya kisasa."

"Basi natoa kichwa yangu."

"Bageni bako ku mulango!"

"Njo natoa mbiyo."

Nikaishika, nikaanza kuibeba. Akaniangalia, akatoa kofia, akakamata bic, akaandika Maman Furaha, juu ya jina yangu. "Weye binti, uko na kichwa nguvu kuliko hii ya nsinga."

Maman akafika. Uso hakuangalia. "Muniinamishie." Akapitisha vidole ku utosi, polepole. "Hapa ulikaza."

"Na uso, maman?" Papa Directeur akauliza.

"Uso ni mambo yenu na ye."

Sasa vidole vinamuuma, shindano yake ya kufumia ameweka chini. Kila mwisho wa juma, samedi, napanda Mumosho, nafundisha babinti pa lupango, kiwanja ya nyumba yake. Banafuma na plastiki, na nsinga, na kila kitu. Ye anaketi pale, anapindua kazi zao, anabatukana. Banacheka, banarudilia.

Banasema niko mutoto sana ya kuandika hizi kumbukumbu za kazi yangu. Baseme. Na weye mwenye kuzisoma, ile kazi unajisifia, jina ya mutu alikufundisha uliiandika wapi?