Picha za Mandari Zilizomleta Mke Mwenzangu Ghorofani

Nimefanya fitina, tena kwa mkono wangu huu. Msinitafutie udhuru. Wala sitasema naungama kwa sababu nimekuwa mwema, maana hasira bado ninazo.

Nakaa Al Amerat, huku Omani. Mume wangu, nimwite Baba Salma, alioa mke wa pili bila kuniambia hata neno. Habari nilizipata kwenye harusi ya watu, wanawake wananipa pole huku wanatafuna halua! Huyo mwenzangu, Rahma, akawekwa kwenye shamba la mume wangu huko Qurayyat, ng'ambo ya milima, lenye mitende, ndimu na mbuzi. Nikaapa nitamng'oa pale na mizizi yake.

Nafasi ikaja wakati wa korona. Masoko yamefungwa, wafanyakazi wa shamba wamekwama makwao, pampu ya maji imekufa. Serikali ikatangaza msaada kwa wakulima, Baba Salma akaomba.

"Inshallah wakitupa nnatengeneza pampu," akawa ananiambia. "Shamba litasimama, na Rahma atatulia kulekule."

Maneno hayo anayasema kwangu, anakula wali wangu!

Sasa, mimi nilikuwa na picha. Kila Idi ukoo mzima tulikuwa tukienda mandari shambani: mikeka chini ya mitende, mishkaki motoni, watoto wanaogelea kwenye birika kubwa la maji ya kumwagilia shamba. Nilizipiga mwenyewe, kabla huyo hajaja. Nikazituma bila jina kwa wahusika wa ule msaada. Nikaandika kwamba pale si shamba, ni mahali pa starehe panapokodishwa, na hilo ni bwawa la kuogelea.

Uongo mtupu, jamani! Watoto waliomo birikani ni wangu mwenyewe.

Msaada ukakataliwa. Baba Salma akaambiwa kuna mtu kamchongea; akaenda kujieleza, wapi! Nilimwona sebuleni kashika kichwa, nikakimbilia jikoni kucheka. Wallahi roho yangu ilisuuzika.

Ndimu zikakauka kwanza, halafu mitende. Mbuzi wakauzwa, mwisho likauzwa na shamba lenyewe. Nikajua tu, huyu sasa anapewa talaka anarudi kwao. Nilishaanza hata kuwaza nguo nitakayovaa siku hiyo.

Basi siku moja Baba Salma akaja na gari limejaa magodoro. Rahma kakaa mbele, kainamisha uso.

"Mama Salma, nisamehe. Sina pengine pa kumweka. Atakaa juu."

Juu! Juu ya kichwa changu! Lile shamba ndilo lililomweka mbali nami, milima mizima baina yetu, nami nimelikausha mwenyewe! Sasa nasikia viatu vyake vikipita darini. Mume wangu akishuka asubuhi, ananukia udi wa mwenzangu. Jiko letu moja, na chumvi yangu kaihamisha kabati.

Na ananiheshimu, hilo ndilo linaloniua. Juzi baada ya Magharibi alikunja mkeka wake wa sala, akaja kukaa karibu yangu.

"Bi Mkubwa, mie aliyetufanyia fitina ile simjui. Lakini kila sala nnamwombea: Mungu amtie moto ndani ya nyumba yake, akose pa kukimbilia. Hebu niitikie amina."

Baba Salma yupo pale, kanikodolea macho. Ningefanyaje? Nikaitikia. Tangu hapo ananiomba niitikie kila siku, nami naitikia.

Dada zangu, hasira hasara. Sikwambieni muwapende wake wenzenu, mimi mwenyewe sijaweza. Lakini kabla hujamkatia mwenzio maji, jiulize kwanza atakwenda kunywa wapi. Wangu anakunywa kwangu, kwenye vikombe vyangu vya harusi.

Namsikia anashuka ngazi. Kaniletea kahawa.